Sauti Kwenye Boksi la Fyuzi

Hebu vuta picha: ni adhuhuri, katika nyumba ya zamani ya Mkunazini, lakini chumba cha juu kina giza tupu kwa sababu hakina dirisha. Humo rafiki yangu Zahran, fundi umeme, amesimama juu ya kiti ameshika waya. Umeme wa upande ule umekufa tangu asubuhi, na kwenye friji mna dawa ya sukari ya Bi Sheikha, mwenye nyumba.

Zahran alikuwa ameshazima swichi kuu chini. Bi Sheikha, anayeishi peke yake, alimshikia tochi.

“Taratibu, mwanangu. Mkeo asije kunidai mume.”

Zahran akacheka. Ndipo wakasikia kifuniko cha boksi la fyuzi kikifunguliwa chini, polepole, kisha sauti ya mwanamke, ya upole kabisa.

“Niwashe?”

“Bado!” Zahran alipiga kelele. “Nimeshika waya! Bi Sheikha, nani huyo?”

“Mlango nimeutia komeo mwenyewe,” Bi Sheikha alinong’ona.

Walishuka. Komeo lilikuwa mahali pake, na hapakuwa na mtu. Boksi lilikuwa wazi.

Miezi ikapita. Juzi Zahran alikuwa Fumba, nje ya mji, peke yake, akifunga taa katika nyumba mpya ambamo hajalala mtu bado. Alizima swichi kuu, akapanda juu, akashika waya. Chini kifuniko kikalia.

“Na leo, Zahran, niwashe?”

Aliuachia waya, na papo hapo taa ikawaka.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: safari hii sauti haikungoja jibu.