Mchi wa Pili

Haya yalimpata rafiki yangu Humphrey, aliyekuwa akipiga disko mjini Same miaka ile ya mgao wa umeme. Alikuwa na kimashine cha mtumba chenye vibonyezo vya mpira. Kila kibonyezo kilitoa mlio aliourekodi mwenyewe. Siku moja akautamani mlio wa kinu cha marehemu mama yake, akapanda milimani hadi kijijini kwao, Bombo.

Nyumba ilikuwa imefungwa tangu matanga. Ukungu ulitia giza mpaka jikoni. Akatwanga kinu kitupu, peke yake, redio kaseti ikirekodi.

Alipotoka, alimkuta jirani uani.

“Shikamoo, Mama Eva.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na mwenzio? Nimewasikia mkitwanga kwa kupokezana.”

“Nimekuja mwenyewe, mama.”

Mama Eva akarudi kwake bila kuaga.

Kesho yake, chumbani kwake Same, Humphrey aliweka pigo moja tu kwenye kibonyezo. Akabonyeza, akabonyeza tena. Katikati ya mapigo yake mchi mwingine ukaingia, mwepesi. Akachelewesha kidole makusudi, nao ukamngoja.

Akaondoa mkono kabisa. Kimya. Kisha, ndani ya spika, ukingo wa kinu ukagongwa mara mbili, kama mama yake alivyomhimiza utotoni kila alipochelewesha zamu yake.