Chuo Kimesajiliwa

Ukumbi wa maonyesho ya kompyuta ulikuwa umefurika watu, na nyaya zimetandazwa sakafuni kana kwamba hakuna atakayepita. Fundi mitandao mmoja, mwanamke aliyevaa suruali ya kaki na fulana yenye nembo ya kampuni yao, alijikwaa. Skrini ya meza ya chuo kimoja, pembeni, ikazimika.

"Dada, umenizimia chuo kizima!" alilalamika kijana wa shati jeupe, lililonyooshwa kwa pasi mpaka likang'aa.

"Chuo kinachozimwa na kiatu changu kina matatizo." Fundi alikuwa ameshapiga magoti kuchomeka waya. "Haya, endelea, mwalimu. Unafundisha nini?"

"Itifaki za kisasa za mitandao, kanuni za kompyuta kuwasiliana. Anwani za intaneti za toleo la sita, zile ndefu."

Fundi akasimama wima. Kazini kwao mtandao mzima ulikuwa unahamishiwa anwani hizo, na bosi alishasema wazi kwamba asiye na cheti chenye ithibati hataongoza kazi hiyo. Fundi aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu.

"Kozi yenu ina ithibati?"

"Chuo kimesajiliwa kabisa!"

Fundi alisikia "ndiyo." Mwalimu naye aliamini amesema "ndiyo."

Akajiunga na darasa la jioni. Kutoka darasani, yeye na mwalimu wakahamia kwenye simu.

"Kipenzi, umenikumbuka?"

"Nimekwama kwenye zoezi lako."

"Nakuuliza mambo ya moyo, unanijibu zoezi?"

"Nifafanulie kwanza, moyo utafuata."

Moyo ulifuata, tena haraka. Kozi ilipoisha, fundi alivaa gauni lake la kijani na kupeleka cheti kwa ofisa rasilimali watu. Ofisa, mama wa makamo, alikisoma, akakirudisha.

"Binti yangu, chuo kimesajiliwa, maana yake kimeruhusiwa kufungua mlango. Ithibati ni kozi yenyewe kukaguliwa. Hii haijakaguliwa."

Fundi alimpigia mwalimu akiwa bado kwenye ngazi za ofisi.

"Umenidanganya."

"Mpenzi, chuo kimesaji..."

"Usiniambie tena neno hilo! Nilikuuliza kozi, ukanijibu chuo!"

"Nilidhani ni kitu kimoja, wallahi."

"Mwalimu mzima?" Akakata, na hakupokea tena simu yake.

Mwalimu alikwenda mamlaka ya mafunzo akaulizia. Kweli, kozi haikuwa na ithibati. Siku iliyofuata aliwaambia wanafunzi wote ukweli, mkuu wa chuo akamfokea mbele yao. Kisha akapiga simu kwa mama yake fundi, muuguzi mstaafu asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mama. Ni mwalimu."

"Marahaba. Yule wa cheti hewa?"

"Ndiye, mama. Naomba uniombee msamaha."

"Msamaha utampa cheo? Mwanangu anataka kozi. Itafute, uhakikishe, ndipo uje. Sasa niache, nina nguo kwenye maji."

Mwalimu alizunguka mji. Kila chuo alichoingia aliuliza kozi, si chuo, na kila kilichoanza kumsifia majengo alikiacha hapohapo. Hatimaye akapata kituo kimoja nyuma ya hospitali, chenye vifaa halisi na watahini wanaotoka nje. Alipobisha kwa akina fundi, mama mtu alifungua, akamtazama, akaita, "Wewe, mgeni wako! Na leo ana jibu."

Fundi alisikiliza bila kumkaribisha kiti. Kisha akaipigia mamlaka mwenyewe, mwalimu akiwa bado amesimama. Alipokata simu uso wake ulikuwa umelegea kidogo.

"Ipo kweli. Wanaanza lini?"

"Jumamosi. Na mimi nimejiandikisha."

"Wewe? Kufanya nini?"

"Kusoma. Nimefundisha kitu ambacho sijawahi kupimwa."

"Kaa basi," fundi alisema. "Umesimama kama mlinzi."

Wakasoma bega kwa bega, wakigombania kibodi. Siku ya matokeo fundi alifaulu, akampigia bosi, naye akampa kazi ya kuongoza uhamishaji wa mtandao kabla hajaweka simu chini. Mwalimu alifeli mtihani wa vitendo. Katikati ya mtihani aliandika amri ya ulinzi kimakosa, akajifungia nje ya kifaa alichokuwa anakipanga, kikawa hakimpokei tena.

Fundi alicheka mpaka akaegemea ukuta wa kituo. "Umejifungia nje mwenyewe, mahabubu?"

"Cheka tu. Nilipanga leo tukifaulu wote, nikuulize jambo."

"Uliza."

"Nimefeli, kipenzi."

"Wamekupima mitandao, hawajakupima mengine. Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali."

"Na nikifeli tena?"

"Nitakuwa mke wa mwanafunzi. Twende ukamwambie mama, na uzungumze kwa ufupi."