Neno Nyuma ya Jina la Zainab

Mfuko wa Zainab ulichanikia katikati ya stesheni ya Ealing Broadway, London, saa ya watu kutoka kazini, kaseti zikatawanyika miguuni mwa wapitao. Msabaha, akirudi kutoka ghala la Hayes, alipiga magoti akaziokota zote. Moja utepe wake ulikuwa umechomoka. Akaurudisha taratibu kwa kalamu.

"Nyimbo hizi?"

"Sauti za wazee wa Kiafghani. Nasomea mila zao chuoni, na wanavyojiita huku ugenini."

"Na wewe wajiita nani?"

"Zainab wa Lamu. Umeridhika?"

Alicheka akirekebisha mtandio wake wa samawati, na moyo wa Msabaha haukurudi tena mahali pake.

Ilikuwa mwaka 1999. Mwaka mzima walipendana, hata Msabaha akapanga kumtuma mjomba wake apeleke posa. Ndipo siku moja simu ya Zainab ikalia, mwenyewe yuko jikoni, Msabaha akaipokea. Sauti ya kiume ikauliza: "Zainab jan yupo?"

Kesho yake kazini akamwuliza Jaswinder, Mpunjabi, maana ya neno lile.

"Jaan? Roho yangu, kipenzi changu," alisema Jaswinder. "Mke wangu namwita hivyo nikitaka chapati ya pili."

Siku tisa Msabaha hakupokea simu. Siku ya kumi Zainab alimngoja nje ya ghala, mvua ikimnyeshea.

"Nimekukosea nini?"

"Muulize huyo akuitaye roho yake. Zainab jan."

Zainab alimtazama sana, kisha akamshika mkono. "Twende kwake."

Aliyewafungulia mlango alikuwa mzee Nasrullah, mwenye ndevu nyeupe, mmoja wa wazee wa kaseti zile. Zainab alipomtajia jina la mgeni, mzee akasema kwa sauti ile ile ya simuni: "Karibu, Msabaha jan." Mkewe naye akamwita Msabaha jan. Hata fundi wa mabomba, aliyelala chini ya sinki, alikuwa Anselme jan. Mzee alimketisha Msabaha mbali na mlango, mahali pa mgeni wa heshima, akammiminia chai ya hiliki.

"Ni adabu yetu kumwita kila mtu jan," alieleza. "Jina tupu lina baridi."

Msabaha alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Neno la Waafghani ukamwuliza Mpunjabi," Zainab alimtania njiani. "Na mimi ninayelisomea je?"

"Niliogopa jibu lako." Akasimama. "Nilitaka mjomba apeleke posa. Bado nataka, ukinisamehe."

Zainab alimfuta mvua usoni kwa ncha ya mtandio.

"Baba hasikii vizuri," alisema. "Mjomba apige simu asubuhi, na azungumze kwa sauti."