Bwana Punguza na Hesabu ya Uoga

"Mkurugenzi, nakuomba umtoe mke wangu kwenye mradi. Hesabu zimemshinda!"

Wajukuu zangu, sikuota!

Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mume wa mjukuu wangu, sebuleni kwake mwenyewe, mbele ya bosi wao... na mkewe kasimama mlangoni na trei ya juisi mkononi!

 

Mimi nilikuwa kwenye kochi la pembeni nimempakata kitukuu changu. Nilimkumbatia kwa hasira mpaka mtoto wa watu akalia.

Ngoja niwaeleze hawa ni akina nani, msije mkapotea njiani.

Mjukuu wangu ni mhandisi. Mumewe mhandisi. Wote wako kwenye gati la mafuta, pale meli zinapofunga kamba zikapakia mafuta kwa bomba. Mkurugenzi ndiye bosi wao wote wawili.

Sasa gati lilikuwa linapanuliwa. Pampu mpya, bomba jipya, jenereta mpya. Mjukuu wangu akapewa kazi ya kukadiria: haya madude yakianza kazi yatakula dizeli kiasi gani na umeme kiasi gani?

Akipatia, yeye ndiye msimamizi wa gati jipya.

Hapo ndipo roho ilipoanza kumuuma mumewe!

Huyu mkwe nilishampa jina zamani. Namwita Bwana Punguza. Kwake kila kitu ni kupunguza. Sabuni punguza, taa punguza, maji ya kuoga punguza. Kitu asichopunguza ni sifa zake tu.

"Kwani kakosea wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Kaweka boila! Mtambo wa kupasha mafuta moto, Mkurugenzi, na jua lote hili!"

Akacheka peke yake.

"Kaweka umeme wa ngazi ya kupandia melini. Kaweka saa za meli kusubiri. Kaweka na dizeli ya akiba! Hiyo si hesabu, ni uoga. Mimi nimeipitia upya, nimepunguza karibu nusu."

Mkurugenzi naye akacheka. Yule baba hucheka kwanza, kufikiri baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haifiki.

Mjukuu wangu akaweka trei mezani taratibu.

"Baba watoto, yale ni mafuta mazito. Yakipoa hayatembei. Na bomba limepita chini ya bahari. Jua lako linafika huko?"

"Unaona, Mkurugenzi? Ubishi! Hata mbele ya wageni!"

Nikashindwa kunyamaza.

"Kitendawili!" nikasema.

Hakuna aliyeniambia tega. Nikajitegea mwenyewe.

"Nina mgeni chumbani, bila kumpasha moto hatoki kitandani."

"Bibi, hapa tunaongea kazi," akasema Bwana Punguza bila hata kunitazama.

"Na mimi naongea kazi. Jibu ni hayo mafuta yenu. Mwenzio kanieleza, nikaelewa. Wewe umeelezwa na shule nzima, bado unabisha!"

Akanipuuza kama kochi.

Mkurugenzi akasimama, akajifuta mdomo.

"Sawa. Dada, wewe pumzika kidogo. Na wewe bwana, chukua mradi wa mkeo."

Kupumzika kwenyewe mnakujua? Mhandisi mzima akapelekwa stoo kugawa helmeti kwa wageni!

Jioni hiyo nilimkuta jikoni anaosha glasi ileile moja, haiishi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "huyu mume wetu tumfanye nini?"

"Tumwache ajaribu, Bibi."

"Na gati likizimika?"

"Nimemwambia yeye. Nimemwandikia na Mkurugenzi kwenye simu."

"Kajibu nini?"

"Kaniwekea dole gumba."

Dole gumba! Mtu anaambiwa gati litazimika, anajibu kwa kidole!

Kisha akaniambia lililokuwa linamla moyo.

"Bibi, kazi hii niliianza mimi. Ikiharibika watasema ni hesabu yangu. Gati gani tena litanipokea?"

 Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta vyombo.

Siku ya majaribio ikafika. Hema, viti vya plastiki, familia za wafanyakazi zimealikwa, na mimi nimo. Mjukuu wangu alinivalisha helmeti kwa mkono wake, akanifunga kamba kidevuni, akakaa kando yangu.

Bwana Punguza alikuwa na kipaza sauti. Mbwembwe hizo...! Utadhani bahari kaichimba yeye!

"Makadirio haya ni yangu mimi! Peke yangu! Hakuna mkono wa mtu mwingine humu, wala chembe ya uoga! Jazeni dizeli kama nilivyokadiria, isizidi hata kikombe!"

Watu makofi.

Mimi nilikunja mikono yangu nikaikalia.

Akapanda melini na Mkurugenzi, wakashuhudie mafuta yakiingia. Ngazi ya gatini ile si ya kawaida, ni daraja linaloinuliwa na umeme. Wakavuka, daraja likainuliwa, pampu zikawashwa.

Mngurumo! Ardhi ikatetemeka! Wanaume wawili wakasimama pale juu wakitupungia mikono kama maharusi.

Mjukuu wangu hakuangalia meli. Alifumba macho, anasikiliza.

"Unasikia, Bibi?"

"Nasikia kelele tu, mwanangu."

"Pampu inakaza. Mafuta yanapoa."

Na kweli, sauti ikaanza kubadilika. Ikawa kama mtu anayenyonya gundi kwa mrija. Pampu ikikaza, jenereta nayo inakunywa dizeli zaidi ili kuisukuma. Inakunywa... inakunywa... inakohoa...

Kimya!

Taa zote za gati zikazimika. Feni za hema zikasimama. Daraja likabaki linaning'inia hewani kama mkono wa mtu aliyekatazwa kusalimia.

"Ongezeni dizeli!" mtu akapiga kelele.

"Ipi? Akiba ilifutwa!"

Gari la dizeli likaagizwa mbali huko. Na mafuta ndani ya bomba, huko chini ya bahari, yakaganda kama mafuta ya nyama kwenye sufuria iliyolala. Hata umeme ungerudi, hayakuwa ya kusogea tena siku hiyo.

Na mabwana wakubwa wamekwama melini!

Nahodha aliwaonyesha ngazi ya kamba, washuke kwenye mtumbwi wa injini. Mkurugenzi akaitazama ngazi. Akalitazama tumbo lake. Akarudi kukaa.

Mara simu ya mjukuu wangu ikaita. Ni mumewe! Mjukuu wangu akaweka spika, na mimi nisikie.

"Mke wangu kipenzi..."

Nikaangalia juu. Kipenzi! Tangu lini?

"...Mkurugenzi yuko hapa, amekasirika kweli. Mwambie tu kwamba ile hesabu ilikuwa yako."

"Hesabu ipi?"

"Hii ya leo. Wewe sema umekosea, watu wanakosea. Mimi nitakutetea."

Hema zima likageuka kututazama.

"Toba!" nikasema kwa sauti.

Tukasikia mkwaruzo, simu inanyang'anywa. Sauti ikawa ya Mkurugenzi.

"Si umetangaza hapa kwa kipaza sauti kwamba ni yako peke yako? Gati zima limesikia! Dada, uko hapo? Ile boila uliiweka ya nini?"

"Ya kuzuia hili unaloliona, Mkurugenzi. Nilikuandikia."

Mkurugenzi akakohoa. Halafu tukamsikia anamgeukia Bwana Punguza.

"Na wewe uliitoa kwa nini? Mhandisi mzima, hukujua mafuta yanaganda?"

Hapo nilitega sikio. Nilitaka kusikia ujinga wenyewe unavyofanana.

"Nilijua," akasema.

Hamjasikia vibaya, wajukuu zangu. Alijua!

"Ulijua?!"

"Nilidhani leo yatapita tu, boila nitairudisha kimyakimya baadaye. Ningeiacha hesabu kama ilivyo, angepewa yeye gati. Angekuwa... angekuwa bosi wangu."



Kumbe aliyeita wenzake waoga ndiye alikuwa anatetemeka kuliko wote! Alikuwa tayari kugandisha bomba zima la bahari, amzamishe na mama wa mtoto wake, ili tu asije akapokea amri kutoka kwake. Nimeishi miaka mingi, nimeona wanaume wadogo, lakini huyu alikuwa wa kubebwa mfukoni.

"Dada," Mkurugenzi akasema kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sijui aliikopa wapi, "mradi ni wako. Huyu mumeo aende nyumbani kuanzia leo."

Mjukuu wangu akasimama. 

"Nyumbani? Nani kakuambia namtaka nyumbani?"

Hema likalipuka kwa vicheko!

"Abaki kazini, chini yangu. Bomba lile litafunguliwa kipande kwa kipande na kukwanguliwa, naye atakuwa wa kwanza kushika chepe. Likishapona, atakuwa anapima dizeli ya boila kila zamu, ananiletea mimi."

"Sawa, dada."

"Na mimi si dada. Ni mhandisi."

"Sawa, Mhandisi."

Nilitaka kupiga kigelegele, helmeti ikanibana kidevu.

Sasa najua mtaniuliza, Bibi, ndoa je? Ndoa haijavunjika na haijapona. Mjukuu wangu mwenyewe anasema bado anakadiria.

Ila ninyi mabinti chukueni hili kwangu. Mtu akiidharau kazi yako na kuiita ya uoga, usikimbilie kujitetea. Mtazame vizuri, utafute yeye anaogopa nini. Ukishakijua, hana tena cha kukutisha. Na ninyi wanaume wa kupunguza wenzenu mpate kuonekana warefu... mnatuchekesha tu.

Juzi mkwe wangu alinifuata uani, mikono myeusi kwa mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Bibi, niombee kwa mwenzangu. Ananisikiliza kazini, nyumbani hanitazami."

"Ulikuwa unaogopa kumwita nani?"

Akainamisha kichwa.

"Bosi."

"Basi nenda kamwite hivyohivyo. Uone kama utakufa."

Akaenda, akasimama mlango wa jikoni. Mjukuu wangu alikuwa anakatakata vitunguu, kampa mgongo.

"Bosi... naomba kuongea na wewe."

Kisu hakikusimama.

"Subiri nje," akasema.

Akatoka. Akasubiri.