Pumzi za Truphosa

Katikati ya zogo la wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, Truphosa Akinyi alilitua ghafla furushi lake la vitenge na kushika ukuta. Gauni lake la njano lilikuwa limeloa jasho mgongoni. Watu walimpita wakimsukuma kwa magunia. Mmoja tu ndiye aliyesimama, kijana mrefu mwenye ovaroli iliyojaa grisi.

"Dada, umekimbizwa na mwizi, au mwizi ndiye wewe?"

Truphosa alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Ningekuwa mwizi ningeiba kitu chepesi."

Kijana akajitwika furushi. Aliitwa Shigela, fundi wa injini za mitumbwi, mzaliwa wa Bujora. Truphosa alikuwa fundi cherehani pale Kisesa, ametokea kwao Shirati. Walipofika barabarani, tayari walikuwa wamepeana namba.

Basi simu zikaanza.

"Mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula, fundi. Wewe umenawa hiyo grisi?"

"Nakungoja uje uninawishe."

Jumapili walikula sato wa kukaanga juu ya mawe ya ziwani. Truphosa aliyapanda polepole, akisimama mara kwa mara kwa kisingizio cha kutazama maji. Siku moja Shigela akamwambia kwamba baba yake, Mzee Mhoja, ameshaanza kutenga ng'ombe wa mahari. Uso wa Truphosa ukabadilika.

"Sitaki kuolewa, Shigela."

"Na mimi, au na mtu yeyote?"

Truphosa akaanza kufungasha mabaki ya sato. Ukweli alikuwa akiuficha. Homa za utotoni ambazo hazikutibiwa zilikuwa zimeharibu valvu, kilango cha damu ndani ya moyo wake. Kila mwezi alikwenda mjini kuchomwa sindano ili ugonjwa usizidi, na daktari alimwonya kwamba akishika mimba kabla ya upasuaji, huenda akafa. Upasuaji wenyewe ulikuwa Dar es Salaam, na foleni yake ndefu. Naye Shigela alikuwa mtoto pekee aliyebaki kwao, wazazi wakisubiri wajukuu kutoka kwake. Akisema atampoteza, akinyamaza atampoteza. Alijiona kama samaki aliyenasa wavuni, kila akijigeuza nyuzi zinakaza.

Haukupita muda, Shigela akamwona mjini akishuka kwenye gari la mwanamume aliyevaa suti, wote wawili wakicheka. Akampigia simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko kibandani, nashona."

Shigela alikuwa ng'ambo ya barabara, akimtazama. "Shona vizuri," akasema, akakata. Truphosa alipoinua macho akamwona.

Mwenye suti alikuwa Daktari Yeremia, mtafiti wa magonjwa ya moyo, aliyekuwa amewaomba wagonjwa wachache wakae naye kwenye kamati ya kupanga utafiti. Lakini Truphosa angejiteteaje bila kusema yote? Akaacha simu inyamaze. Wiki zikapita, cherehani ikilia peke yake.

Kisha watafiti wakaitisha mkutano kuhusu magonjwa ya moyo kwenye ukumbi wa kanisa, Kisesa. Shigela alimleta mama yake, ambaye presha ilikuwa ikimsumbua. Wakakaa nyuma.

"Hatukuja kuwafundisha," alisema Yeremia, na Shigela akamtambua yule mwenye suti. "Tunataka mtuambie nini kinawakwamisha, ili ndicho tukitafiti. Mwenzenu wa kamati ataanza."

Truphosa akasimama, kitambaa cheupe kichwani.

"Nina ugonjwa wa moyo. Wa mjini anavuka barabara tu anachomwa sindano. Sisi tunasafiri, na mara nyingine tunaambiwa dawa imekwisha. Kwa nini isiletwe hapa kwenye zahanati yetu? Na wasichana tunaficha, maana tukisema, nani atatuoa? Tunahema kwa siri mpaka tunakufa."

Mama Shigela akaanza kulia. Mkutano ulipokwisha, Shigela alimkuta Truphosa nje, ameegemea ukuta.

"Umewaambia watu wote, mimi ukaniacha!"

"Hao hawanidai watoto, Shigela."

Mama yake Shigela akawafikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika mkono. "Binti yangu Precious alikuwa akihema hivyo hivyo. Tukasema amerogwa. Tukazunguka kwa waganga mpaka tukamzika." Akamgeukia mwanawe. "Mwache, baba. Siwezi kuzika binti mara mbili."

Wala haikuwa chuki. Ilikuwa hofu, na hofu haina wa kubishana nayo. Shigela akamrudisha mama yake Bujora.

Miezi ikaenda. Utafiti ukaanza kwa jambo ambalo mkutano ule ulilidai: kujaribu kutoa sindano kwenye zahanati ya Kisesa. Siku ya kwanza Truphosa alikaa kwenye benchi, majirani wote wakimtazama. Hapakuwa na pa kujificha tena. Mara mtu akaketi kando yake, shati limenyooshwa pasi, mikono safi bila grisi. Alikuwa Shigela.

"Mama amekubali?" Truphosa akauliza.

"Bado. Na baba hasemi na mimi." Sauti yake ikashuka. "Lakini mimi nakuoa wewe, Truphosa, siyo watoto. Foleni ya Dar tutaingoja wote."

"Na isipofika?"

"Sijui."

Truphosa akamtazama sana. Kama Shigela angemdanganya, yeye angeinuka na kuondoka.

Nesi akachungulia mlangoni. "Truphosa Akinyi! Na huyu ni nani? Ndugu?"

"Mchumba wangu," alisema Truphosa, akiinuka. "Mruhusu aingie, nesi. Anaogopa kuliko mimi."