Kikohozi cha Nne

Wagonjwa walikuwa watatu, lakini vikohozi vilikuwa vinne.

Marivic alivihesabu akiwa jikoni, akichanganya asali na maji ya ndimu kwenye chupa ya mtoto. Cha baba mwenye nyumba, Graham, kilikuwa kizito, cha mtu anayetaka mtaa mzima ujue anaumwa. Cha mkewe, Kirsten, kilikuja mara mbili mbili. Cha Tess, binti yao wa mwaka mmoja na nusu, kilikuwa kidogo, na kila kikija kilimkata Marivic maini. Kaka yake Tess alikuwa amepelekwa kwa bibi yake asije akaambukizwa. Basi hicho kingine kilikuwa cha nani? Kilikuwa kikavu, kimezibwa na kiganja kabla hakijatoka vizuri, na kilitoka chini, kwenye chumba cha kufulia nguo.

Asubuhi ile alikuwa ameonywa asiende. Jirani yake Belen, ambaye husafisha maofisi usiku na kulala mchana, alikutana naye mlangoni pa lifti.

“Unakwenda wapi na theluji yote hii? Si umesema wameanguka nyumba nzima?”

“Ndiyo maana naenda, dada. Mama wa watu hawezi hata kusimama.”

“Haya. Wakiugua wao, wewe ndiwe dawa. Ukiugua wewe, wewe ndiwe uchafu. Mwenzetu una mwili wa chuma?”

“Tess hanywi maji mpaka nimpe mimi.”

“Na Jonalyn anapewa na nani?”

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu Belen alijua linapoumiza. Jonalyn alikuwa mwanawe Marivic, wa miaka tisa. Alimwacha kwa bibi yake kule kwao Iloilo akiwa na miaka mitatu, akaja Toronto kulea watoto wa watu, na makaratasi ya kumleta yakachukua miaka sita. Mtoto aliletwa Novemba. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Alisema asante kwa kila sahani, alitandika kitanda chake kama mgeni anayeondoka kesho, na hakuwahi hata mara moja kumwita Marivic mama. Hakumwita jina lolote. Hapakuwa na kitu duniani ambacho Marivic alikitaka kuliko kulisikia neno hilo kinywani mwake. Lakini Tess naye alimpokea akiwa na siku saba, na aliyelea mtoto hawezi kuambiwa kwenye simu kwamba ana homa akatulia. Akaenda. Anayetaka kumlaumu na amlaumu.

Akashuka ngazi kukitafuta kile kikohozi. Chini palikuwa na mashine ya kufulia na chumba kidogo kitupu chenye kitanda kisicho na godoro. Taulo zilikuwa zimekunjwa, safu juu ya safu, bado zina moto. Hakuwa amezikunja yeye. Harufu ya kafuri na tangawizi ilikuwa imejaa pale, ingawa katika nyumba ile hakuna aliyekula tangawizi.

Alipopanda kwa Tess, alikuta kitambaa chenye maji kipajini mwa mtoto, kimekunjwa pembe kwa pembe, na homa imeshuka.

“Kirsten, umeamka kumtazama mtoto?” akauliza kwenye mlango wa pili.

“Mimi? Hata chooni nimetambaa.”

“Kuna mtu chini?”

Kirsten akageukia ukutani. “Mabomba hayo, Marivic. Nyumba ni ya zamani.”

Kwa watu wa kwao Marivic, mtu akitoka matangani harudi nyumbani moja kwa moja. Hupita kwanza dukani au mkahawani, anywe hata kikombe cha chai, ili kilichomfuata kipotee njia. Desturi hiyo Marivic aliishika barabara, hata kwenye baridi ya Toronto. Lakini jioni ile hakuwa ametoka matangani. Ametoka kwa watu wenye mafua. Nani kafa? Akapanda basi, akashuka, akaenda mbio kwa mwanawe.

Kulipokucha, Jonalyn alikuwa anawaka.

Simu ikalia kabla kipima joto hakijatoka kwapani. “Marivic, Tess ana digrii arobaini,” Kirsten alisema akilia. “Ametapika maji yote. Anakutafuta wewe. Nakuomba.”

Marivic alisimama katikati ya chumba, koti mkono mmoja, dawa mkono mwingine. Jonalyn alimtazama kwa macho mekundu, akasema kwa adabu yake ile ile, “Nenda tu. Nitakuwa sawa.” Afadhali angelia. Mtoto wa miaka tisa anayemruhusu mama yake aondoke amekwisha kujifunza kwamba kumzuia hakusaidii kitu. Marivic alimpa dawa, akamgongea Belen na kumwomba amchungulie mtoto, akatoka akiwa anajichukia.

Siku hiyo, kule kwa Kirsten, vikohozi vilikuwa vitatu. Chini palikuwa na baridi, na harufu imekwisha. Marivic alipumua, akafurahi, masikini. Alidhani kilichokuwamo kimeondoka. Hakujiuliza kimekwenda wapi.

Alijibiwa alipofungua mlango wa nyumba yake saa kumi na moja. Kafuri na tangawizi. Jonalyn alikuwa amekaa kitandani, nywele zimesukwa mikia miwili, kitambaa kipajini pembe kwa pembe, na pembeni bakuli la uji wa mchele limelambwa likaisha. Homa imeshuka. Marivic alikimbilia mlango wa pili.

“Dada Belen, Mungu akulipe. Umemsuka na nywele!”

Belen alitoka na kitambaa chake cha kulalia. “Nani, mimi? Nimegonga mara mbili. Nikasikia mtu anaimba ndani, nikajua umerudi, nikaenda kulala.”

Walitazamana. Wakarudi chumbani pamoja, taratibu.

“Jonalyn,” Marivic akasema kwa sauti ya chini, “nani alikuwa hapa?”

“Yule mama mwingine.” Uso wa mtoto uling'aa, naye Marivic, katikati ya hofu, alihisi wivu. “Anaimba kama bibi. Anakohoa, lakini anaficha. Kasema wewe uko kazini, kwa hiyo yeye atakaa na mimi.”

“Aliingiaje?”

“Alikuja na wewe. Jana.”

Belen alimshika Marivic mkono akamvuta hadi jikoni. “Jana ulipotoka kule, ulipitia wapi?”

“Sikupitia popote. Kwani kuna aliyekufa?”

“Nyumba yenyewe ina mlango wa rangi gani?”

“Kijani. Wa pembeni kabisa, mkabala na kanisa.”

Belen alijishika kinywa. “Alikufa, Marivic. Nelia. Alikuwa wa Iloilo kama wewe. Nilijua alifanya kazi nyumba ya mlango wa kijani mtaa ule, sikujua ni kwa hao hao. Mwaka ule wa maradhi makubwa waliugua wote, akawauguza. Alilala kile chumba cha chini. Kikohozi kilipomshika akawa anakiziba na mkono, wasije wakamtoa nje. Alikutwa ameinamia taulo. Naye alikuwa na binti kwao, anangoja makaratasi.”

Wazungu wale hawakusema neno hata moja. Walipiga rangi chumba, wakatangaza kazi.

Asubuhi ya tatu homa ya Jonalyn ilirudi kali kuliko kwanza, na Belen akamleta Bibi Ising, mzee mwenye kibanda cha kupunguza suruali na kushona zipu kule kwenye kona ya barabara za Bathurst na Wilson, ambaye watu wa kwao humwendea pia kwa yasiyoshoneka. Bibi alitaka beseni la maji na mshumaa. Alidondosha nta juu ya maji huku midomo yake ikicheza, akangoja igande, akaigeuza. Zilikuwa alama za viganja viwili, vidole vyote.

“Mfukuze, Bibi,” Marivic alinong'ona.

“Nimfukuze kwa kosa gani? Huyu si jini wa kununua ugomvi. Hajui kama amekufa. Anajua yuko kazini.” Bibi alifuta vidole vyake kwenye sketi. “Akisikia mtoto anaumwa na hana mtu, anakuja. Mapenzi yake ni ya kweli. Ila maradhi yaliyomuua bado yamo mikononi. Akimshika mtoto mara ya kwanza, homa inashuka. Mara ya pili inashuka pumzi.”

“Jana ndiyo ilikuwa ya kwanza.”

“Basi leo kaa. Usitoke mlango huo. Akija, mwambie mwenyewe kwamba mama yupo.”

“Ni hilo tu?”

“Hilo tu! Mwanangu, hilo ndilo lililotushinda sote tuliokuja nchi hii.”

Marivic alitazama ile nta. Alikumbuka kitambaa kingine, pembe kwa pembe, kwenye kipaji kingine. “Akitoka hapa, Bibi, atakwenda wapi?”

Bibi Ising alianza kukusanya vitu vyake. “Uliza swali jingine,” akasema.

Akampigia Kirsten papo hapo. “Leo siji. Mwanangu anaumwa. Lakini sikiliza, mchukue Tess kitandani kwako. Mkumbatie. Usimwache peke yake hata kidogo.”

“Siwezi kusimama, Marivic! Graham naye anaweweseka.” Sauti ikawa chungu. “Mwanao ana miaka tisa. Wangu ni mchanga.”

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Marivic alikata simu, akavuta kiti, akakaa.

Saa tisa mbingu ilikuwa imeshakuwa ya kijivu. Kikohozi kilisikika kwanza kwenye ujia wa nje, kikazibwa. Kisha harufu ikaingia chini ya mlango, kafuri, halafu tangawizi, ikapanda polepole mpaka ikamjaa Marivic kinywani, na ingawa komeo halikugeuka na mlango haukufunguka, alisikia ndara laini zikiburuzwa sakafuni, za mtu aliyechoka lakini hataki kuamsha wagonjwa, zikapita mezani, zikapita miguuni mwake hata vinyweleo vikamsimama, zikaishia upande wa pili wa kitanda, na pale godoro likabonyea taratibu kwa uzito wa mtu anayekaa, na kitambaa kikainuka chenyewe kutoka kipajini mwa Jonalyn, kikajikunja pembe kwa pembe, na mtoto, ambaye pumzi zake zilikuwa fupi na zenye mluzi, akageuza uso upande ule, akatabasamu, akanyoosha mkono.

“Dada Nelia,” Marivic akasema. Sauti ilimtoka kama si yake. “Dada, ahsante. Ulimlisha, ulimsuka. Mungu akuone. Lakini mama yake nipo.”

Kitambaa kilibaki hewani.

“Najua nilimwacha. Miaka sita nilimwacha, na jana nikamwacha tena. Usidhani sijui. Na wako anakungoja, najua, na hakuna aliyekwambia uende kwake.” Alikuwa analia sasa, ameushika mkono ule mdogo kabla haujafika kwa mwenzake. “Leo sitoki. Nipo, dada. Nipo.”

Simu ikalia mezani. Jina la Kirsten. Marivic hakuigusa. Ikalia tena, na Marivic akaona godoro upande ule limenyanyuka kidogo, kama la mtu aliyeinua kichwa kusikiliza. Ikakatika. Ikalia mara ya tatu, ndefu, nyumba nzima ikajaa mlio wake, na kwa kila mlio godoro likazidi kunyanyuka, kwa sababu yaya akisikia anaitwa huinuka, hata kama amechoka, hata kama anaumwa, hata kama amekufa. Kitambaa kikashushwa kwa upole kifuani mwa Jonalyn. Ndara zikaburuzwa. Kikohozi kikazibwa kwenye ujia, na harufu ikakatika.

Jonalyn alitokwa na jasho la ghafla, shuka zikalowa. Pumzi ikarefuka. Akafumbua macho, akamwona aliyemshika mkono.

“Mama,” akasema. “Maji.”

Marivic alimnywesha kwa haraka hata maji yakamwagikia mtoto shingoni. Alimbusu utosini mara nyingi, asijue anasema nini. Furaha ile haikudumu zaidi ya ile bilauri ya maji. Aliinyakua simu.

Iliita kwa muda mrefu. Kirsten alipopokea alikuwa ananong'ona, na ndani ya mnong'ono mlikuwa na kicheko cha uchovu.

“Marivic, ahsante. Samahani kwa maneno yangu. Nilijua hutatuacha.”

“Kirsten...”

“Nimekupigia weee, kumbe umeshamtuma mwenzako. Sijamwona, sina nguvu, lakini namsikia huko anamwimbia. Tess amelala. Siku tatu hajalala hivi. Hata hakohoi tena.”

“Inuka! Mchukue mtoto! Kirsten, inuka!”

“Shh. Utamwamsha,” Kirsten akasema, na simu ikakatika.

Marivic alikwisha vaa koti mkono mmoja. Jonalyn alikuwa ameshika pindo lake kwa vidole vyote. “Mama, usiende.” Na Marivic, Mungu amrehemu, hakwenda. Alisimama pale na koti nusu, akapiga nambari ya dharura, akataja mtaa, nyumba, mlango wa kijani, mtoto wa mwaka na nusu asiyepumua.

“Wewe uko naye?” sauti ya mwanamume ikamuuliza, tulivu.

“Hapana. Niko nyumbani kwangu.”

“Yuko na nani sasa hivi?”

Marivic alifumba macho. “Yuko na yaya,” akasema.

“Afadhali,” ile sauti ikamjibu. “Basi hayuko peke yake.”