Karo la Nyumba Mbili

Saa tatu asubuhi fuko-chuma liliingia ardhini pale barabara kuu, na kabla ya saa tano likatokeza kichwa nyuma ya choo cha Siwema Mkopi bila kuvunja hata tofali moja. Watoto wakapiga makofi. Watu wazima wakarudi nyuma hatua mbili, maana mashine ile ilikuwa na urefu wa mtu aliyelala, na meno yake yalikuwa bado yanazunguka.

"Limeingia uani kwa watu bila hata hodi!" akasema Bahati, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, na watu wakacheka.

Fuko-chuma halikuhitaji vibarua wala mabomba ya kununua. Lilimeza udongo mbele, likauchoma tumboni kwa joto kali, kisha likautema nyuma ukiwa bomba gumu kama kigae. Kokote lilikopita, liliacha njia ya maji machafu imekwisha kujengwa. Kazi ambayo zamani ingechukua mwaka na kuacha mitaro wazi ya kuvunja watu miguu, lenyewe liliimaliza kwa wiki.

Na kazi ilihitajika, jamani. Kwa miaka mingi kila nyumba ya bonde lile ilikuwa na karo lake la maji machafu. Masika yakija, makaro yanafurika, uchafu unaelea mpaka mlangoni, na kipindupindu kinafuata. Kilichochelewesha mambo ni mpaka. Kichochoro kati ya nyumba ya Siwema na ya Bahati, ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, ndicho kilichogawa Halmashauri ya Mabondeni na Halmashauri ya Chekeleni. Siwema alikuwa Mabondeni, Bahati alikuwa Chekeleni. Uchafu ukifurika hapo, kila halmashauri ilisema ni wa mwenzake.

Mwishowe wakubwa wa pande mbili wakakaa meza moja, wakatia saini Mkataba wa Bomba Moja. Mtambo wa kusafishia ungekuwa mmoja na fuko-chuma lingekuwa la pande zote mbili. Lakini kila halmashauri ingehesabu nyumba zake yenyewe, ingetunza habari za nyumba zake yenyewe, na gari la upande mmoja lisingechukua mgonjwa wa upande wa pili bila kuombwa.

Kitu ambacho watu walikipenda zaidi kilikuwa pua. Katika chemba ya kila nyumba kiliwekwa kidude kidogo kilichonusa maji machafu yanapopita. Kikikuta wadudu wa kipindupindu, taa ya mlangoni inageuka nyekundu na gari la uangalizi linakuja lenyewe. Ikiwa kijani, nyumba ni salama. Siwema alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, naye alizunguka mlango kwa mlango kwa miezi mitatu akiyaeleza hayo. Aliyakariri mpaka akawa anayasema hata akichambua mchele.

"Ikiwa kijani, mama, lala usingizi wako," aliwaambia. "Pua inajua kabla yako."

Siku ya kujaza fomu za kuunganishwa, kabla fuko halijafika, Mhandisi Ndimbo wa ofisi ya pamoja ya halmashauri zote mbili aliketi kibarazani kwa Siwema. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuuliza habari za watoto kwa majina.

"Kila nyumba ina karo lake?" akauliza.

"Hapana, Mhandisi. Hili ni la shirika. Mume wangu na mume wa Bahati walilichimba pamoja hapo chini ya kichochoro, kabla hawajaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya umeme wa jua. Choo changu kinaingia humo, na chake humo humo."

Ndimbo akaweka kalamu chini. Akatazama kulia na kushoto.

"Mama Chiku, ukisema hivyo, nyumba zote mbili zinatoka kwenye mpango. Mabondeni watasema karo la Chekeleni, Chekeleni watasema la Mabondeni, na fuko litapita. Andika kila nyumba na karo lake. Mvua ikiisha nitalirudisha fuko liwatenganishe. Ni siku moja tu ya kazi."

"Si uongo huo?"

"Ni ukweli uliotangulia kidogo," akasema, akacheka.

Siwema akaandika. Akampelekea Bahati fomu yake, na Bahati akaweka dole gumba bila kuuliza. "Kama wewe umesoma, shoga, mimi nimesoma."

Kwa hiyo fuko lilipofika, liliunganisha karo lile kwenye bomba la Siwema, maana tundu la upande wake ndilo fuko lililolikuta kwanza. Bahati naye aliwekewa bomba lake na pua yake, lakini bomba lile halikupitisha kitu. Wiki ya kwanza taa yake ikawa ya njano, maana yake bomba ni kavu. Bahati akapaza sauti kichochoroni kwamba amewekewa bovu, ndipo Ndimbo akaja na kibao chake cha kuamrishia mitambo, akabonyeza mara tatu, taa ikawa kijani.

"Imepona," akasema.

Siwema alisimama pale pale. Aliona hakuna kilichotengenezwa, kwamba pua imefundishwa tu isilalamike. Akajiambia, mvua ikiisha.

Mvua ikaisha. Fuko likahamia mitaa mingine, maana kila halmashauri ilitaka hesabu ya nyumba zake ipande. Kila Siwema alipouliza, Ndimbo alijibu, "Wiki ijayo, mama." Mwaka ukapita hivyo.

Alhamisi moja asubuhi taa ya Siwema ikageuka nyekundu.

Alikuwa anamsuka Chiku, binti yake wa miaka mitano. Gari la uangalizi halina dereva. Lilisimama mlangoni, likamtaja Siwema kwa jina, likamtaja na mtoto, likafungua mlango. Siwema akaingia na kitana kichwani, Chiku nusu kasukwa nusu hajasukwa. Njia nzima alimpapasa mtoto tumbo. "Linauma? Hapa je? Usinifiche, mwanangu." Chiku akasema haliumi, akaomba maandazi.

Kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu walipimwa. Baada ya adhuhuri nesi, mwanamke mnene mwenye maneno mafupi, akarudi na majibu.

"Nyie hamna kitu. Nyumbani kuna nani mwingine?"

"Hakuna. Ni sisi wawili tu."

"Basi hiyo pua imenusa nini? Mgeni hakuja? Choo hamchangii na mtu?"

 Hapo Siwema akaliona lile karo kama amefunuliwa mfuniko. Akamwona na Tunu, binti wa Bahati, mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa analialia juzi mgongoni kwa mama yake. Maneno yakamfika mdomoni. Lakini kuyasema ni kusema kwamba yeye, mjumbe, aliandika uongo kwenye fomu ya serikali, tena akampa na mwenziwe auwekee dole. Na Bahati angesikia.

"Hatuchangii," akasema.

Nesi alipoondoka, Siwema akampigia Ndimbo. Akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Umemwambia mtu?" Ndimbo akauliza.

"Bado."

"Vizuri. Usimwambie yeyote, hata jirani, utaleta taharuki. Nabadilisha taa ya Chekeleni sasa hivi, na gari lao litakwenda leo hii. Niachie mimi."

"Mtoto mdogo yule, Mhandisi."

"Mama Chiku, mimi nina watoto. Nimesema niachie."

Akamwachia. Hebu fikiri, mama mzima, mwenye simu mkononi na namba ya shoga yake ndani yake, akaiweka simu chini ya mto na kuilalia.

Ijumaa asubuhi akashindwa kuvumilia.

"Shoga!" Bahati akapokea. "Nimeota ndoto mbaya juu yenu. Chiku anaendeleaje? Nimewapikia uji, nasubiri mruhusiwe niulete."

"Chiku mzima. Gari limekuja hapo kwako?"

"Gari gani?"

"Taa yako rangi gani?"

"Kijani. Kwa nini?"

"Tunu yuko wapi?"

"Kalala. Magego hayo yanamtesa. Tangu juzi anaharisha, jana ndiyo kabisa, maji matupu, meupe kama ya mchele. Sasa hata kulia halii tena, katulia. Ningekuwa na hofu kama si taa. Uliniambia mwenyewe."

Siwema akapiga kelele mpaka wagonjwa wakainuka vitandani. "Si magego, Bahati! Mpe maji ya chumvi na sukari, mbebe, nenda zahanati! Sasa hivi! Kimbia!"

Akamfuata nesi mbio, safari hii akasema yote, karo na fomu na dole gumba. Nesi hakumgombeza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtambo wa kuamrisha magari na kuandika nyumba ya Bahati. Mtambo ukajibu kwamba nyumba hiyo ni ya Chekeleni, kwamba taa yake ni kijani, na kwamba hakuna ombi. Akaandika tena. Jibu likawa lile lile, kwa heshima ile ile. Akampigia mwenzake wa Chekeleni, naye akasema gari analo limesimama uani, ila haliwaki kwa nyumba ya kijani mpaka mhandisi abadilishe.

Siwema akampigia mhandisi. Simu ikaita sana.

"Mama Chiku," Ndimbo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye ndani ya kikao. "Nikiibadilisha leo, kumbukumbu zitaonyesha kwamba niliigusa mwanzo. Jumatatu kuna baraza la pamoja. Nivumilieni mpaka Jumatatu, nitalitengeneza kimya kimya."

"Uliniambia jana umeshabadilisha!"

"Nilisema nabadilisha."

Bahati alikimbia kwa miguu. Kutoka kichochoroni mpaka zahanati ya Chekeleni ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na mzigo. Watu walimwona akisimama kila mara kumnywesha mtoto kwa kijiko, maji yakitoka pembeni ya mdomo. Alipofika, daktari alimpokea Tunu, akamlaza, akatafuta mshipa wa mkono, wa mguu, wa kichwa. Kisha akavua glavu.

Walimzika Jumamosi. Siwema, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka kambini, alikaa msibani, akapika, akaosha vyombo, na kila Bahati alipomshika mkono alishindwa kusema. Bahati alidhani pua ilikuwa mbovu, basi. "Mashine ni mashine," aliwaambia waombolezaji, na Siwema akainamisha uso.

Jumatatu baraza la pamoja lilikutana. Ukumbini kulikuwa na wenyeviti wawili, makarani wawili, na vitabu viwili vya kumbukumbu. Siwema alikuja na Chiku, Bahati akaja na kanga ya msiba, maana alisikia habari za mwanawe zitasomwa.

Karani wa Mabondeni akasoma: pua zimenasa kipindupindu mapema, nyumba moja, wawili wamepelekwa kambini, hakuna kifo. Karani wa Chekeleni akasoma: hakuna nyumba iliyoonyesha nyekundu, hakuna mgonjwa, hakuna kifo cha kipindupindu. Ndimbo akasimama na kusema huo ndio utamu wa ushirikiano, na kwamba halmashauri tatu za jirani zimeomba kujiunga. Watu wakapiga makofi.

Bahati akageuka kwa Siwema. "Mbona hawajamsoma?"

Siwema akasimama. 

"Waheshimiwa, kuna mtoto. Anaitwa Tunu. Alikufa Ijumaa."

Wenyeviti wakatazamana. "Upande gani?" mmoja akauliza.

"Karo ni moja," Siwema akasema. "Ugonjwa ulipita kwangu, mtoto akafia kwake. Mhandisi alijua, akaniambia niandike karo mbili. Nami nikaandika. Alhamisi mchana nilijua ni Tunu, nikanyamaza mpaka Ijumaa."

Ndimbo hakubisha. Alisema tu kwamba fomu ina saini ya mama huyu na dole la mwenziwe, na akaitoa ili ionekane. Mwenyekiti wa Chekeleni akasema suala hilo ni zito, litaundiwa kamati ya pande zote mbili. Mwenyekiti wa Mabondeni akaunga mkono. Makarani wakaandika kwamba kamati itaundwa. Jina la mtoto hakuna aliyeliandika, kila mmoja akisubiri kalamu ya mwenzake itangulie.

Bahati alikuwa ameshatoka nje. Siwema akamkuta kwenye ngazi, jua likimpiga usoni.

"Alhamisi mchana," Bahati akasema.

"Alhamisi mchana."

"Mwanangu alikuwa bado analia Alhamisi mchana."

"Niliogopa, shoga."

"Uliogopa nini?"

Siwema akatafuta neno lisilo dogo, hakulipata. "Kuonekana nimesema uongo."

Bahati akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu na kukuta kimepungua. Ndipo Chiku akatoka mbio ukumbini. Mtoto yule tangu azaliwe hakuwahi kujua tofauti ya sahani ya nyumba hii na ya nyumba ile. Akamkumbatia Bahati magotini, akainua uso.

"Mama, nina njaa. Twende nyumbani."

Bahati akaweka mkono juu ya kichwa chake, upande ule uliokuwa bado haujasukwa. Akauacha hapo kitambo. Kisha akaifungua ile mikono midogo taratibu, kidole kwa kidole, bila kumuumiza.

"Nenda kwa mama yako," akamwambia.